Hakuna kasma ya kutembea

Nyumbani, Ijumaa usiku

Shoga yangu Mama Tumu,

Assalaam aleikum. Sisi huku wazima, watoto wazima, Bi Mkubwa goti bado linamsumbua ila ulimi hauna hata mkwaruzo. Shemeji vipi? Na wale mbuzi wake? Haya. Najua umeninunia. Ujumbe wako wa sauti wa dakika kumi na moja nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili nikiwa napepeta mchele, na bado sikujibu. Nimekosa, nichape ukija. Simu sipigi kwa sababu hili nililo nalo nikilianza kwa mdomo nitalia, wewe utanicheka, na salio litakatika nikiwa ndiyo nafika penyewe.

Babu Spana, fundi wetu wa maji, amegoma.

Si mgomo wa mabango, la. Anakuja kazini saa moja kasoro kama miaka yote, kofia yake ile ile, anaweka baiskeli, anaketi chini ya mwembe. Akiulizwa neno, valvu ipi ifungwe, bomba la kilimani limepita wapi, anajibu kwa adabu kabisa: "Angalieni kwenye kishikwambi." Basi. Wiki ya pili sasa. Na tarehe 30 Juni anastaafu, miaka 60 imetimia, hakuna mjadala.

Sasa unisikilize, maana kosa ni langu mimi, si la mwingine, na huku ofisini hakuna anayelisema.

Mwaka jana mwezi wa kumi tuliletewa mshauri mwelekezi. Kijana mstaarabu, shati limenyooka, hana ubaya. Semina siku tatu, ukumbi wenye feni, sambusa za nyama (za kweli, si zile za viazi), na posho ikatoka siku hiyo hiyo, jambo ambalo lenyewe lilistahili semina. Mada ilikuwa kuhamisha maarifa. Akatuonyesha picha ukutani: matenki mawili, katikati bomba. Tenki la kushoto limeandikwa "mtaalamu anayestaafu", la kulia "taasisi". Mama Neema wa mapokezi akaniinamia sikioni: "Na upotevu wa maji je?" Nilicheka mpaka nikajifanya nakohoa. Sisi watu wa maji, shoga! Tungekuwa na bomba lisilovuja tungeshalionyesha kwenye sabasaba.

Akatusimulia pia habari za yule Mmarekani, Frederick Taylor, aliyekuwa kwenye kiwanda cha chuma cha Bethlehem mwaka 1899, anawapima wabebaji kwa saa ya kupimia muda mpaka mtu mmoja akatoka kubeba tani 12 na nusu kwa siku akafika 47 na nusu. Wa kufikiri afikiri, wa kubeba abebe. Watu waliguna kwa kustaajabu. Mimi pia niliguna. Nakuambia ukweli, nilipenda. Unanijua, mimi faili likikaa upande upande usingizi hauji. Nikaona hatimaye mambo yatapangika.

Kwa hiyo walipotafuta wa kuandika mwongozo wa kazi za Babu, uingie kwenye kishikwambi, nilinyoosha mkono mwenyewe. Fomu niliitunga mimi. Maswali 38. Nililijivunia hasa lile la 22.

Tulikaa siku nne, mimi na fomu, yeye na kahawa yake. Valvu ya sokoni inafunguliwa mizunguko mingapi? Kumi na nne. Kuelekea wapi? Kulia. Na ya kilimani? Kushoto. Kwa nini hii kulia hii kushoto? "Muulize aliyeileta." Nikaandika vyote isipokuwa hilo la mwisho. Na nikwambie, hapo fomu haikuwa na kosa. Hiyo orodha ya kulia na kushoto haikuwepo popote, kwenye ramani valvu zote ni vidoti vilivyofanana, na imeshatuokoa mara kadhaa. Mimi si mtu wa kutukana karatasi. Karatasi ndiyo inayolisha wanangu.

Tukafika: Unajuaje bomba linavuja chini ya ardhi?

"Nasikiliza."

Unasikiliza vipi?

Akanitazama kwa huruma. "Kwa sikio, mwanangu."

Nikaandika: Hatua ya 1, sikiliza bomba. Mshauri akanirudishia kwa swali: kwa sekunde ngapi?

Hapo ndipo Babu akaniambia niache kalamu nimfuate. Tulitoka saa tisa usiku, mimi, yeye, na yule kijana wa Mama Chausiku anayeshika tochi. Mji umelala, hata mbwa kimya. Babu akafungua chemba, akateremsha ncha moja ya nondo juu ya bomba, ncha ya pili akaibana kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, akafumba macho, mdomo wazi kidogo kama mtoto aliyepitiwa na usingizi. Akakaa. Kisha akanipa mimi. Nikabana. Nikasikia ngurumo tu, nikamwambia. Akasema, "Hiyo pampu. Iondoe." Iondoe! Pampu nitaiondoaje masikioni mwangu? "Kama unavyoiondoa redio ya jirani unapotaka kulala." Nikajaribu, nikakaza macho, nondo baridi imenigandamiza shavu, na sijui ilikuwa baada ya muda gani, chini ya ile ngurumo nikasikia kitu kama mtu anakaanga vitumbua nyumba ya tatu. "Kama kukaanga," nikamwambia. Akacheka, meno yote. "Hapo. Sasa tuhamie chemba ya mbele, tuone vitumbua vinakaribia au vinakwenda mbali." Asubuhi wakachimba. Palikuwa hatua mbili kutoka alipochora na kisigino.

Mwenzangu, nilirudi nyumbani kama niliyepewa kitu mkononi. Ila kisanduku cha jibu kilikuwa cha herufi 200. Nikaandika: "sauti ya kukaanga". Mshauri akafuta, akaweka "sauti isiyo ya kawaida". Nikanyamaza. Nilinyamaza kwa sababu ilionekana nadhifu zaidi.

Basi tuje kwenyewe. Juma la juzi Babu alikwenda kuzika, siku tatu. Zamu ya usiku akabaki yule kijana wa Mama Chausiku, peke yake na kishikwambi. Sokoni kulikuwa na mgao, bomba limekaa tupu tangu asubuhi ya jana yake. Saa kumi akafungua mwongozo, akasoma, akafuata. Kulia. Mizunguko kumi na nne. Ana mikono ya miaka ishirini na mitatu, alizungusha zote bila kupumzika, akabonyeza "imekamilika". Kwenye mwongozo muda wa kazi umeandikwa dakika 10. Alitumia nane.

Bomba tupu si tupu, limejaa hewa. Maji yakiachiwa kwa mkupuo yanaisukuma ile hewa, yanashika kasi, na yakifika pa kusimama yanapiga kama nyundo. Lile la sokoni ni la asbesto, la zamani kuliko mimi na wewe. Lilipasuka pale kwenye banda la yule mama ntilie wa maharage ya nazi. Unga wake umelowa gunia zima. Siku tatu sokoni hakuna tone, boza zikapita zikiimba, dumu likafika shilingi 500.

Babu aliporudi kutoka msibani hakubadili hata nguo. Alisimama kando ya lile shimo, akamuuliza kijana: "Mzunguko wa pili ulisimama?"

Kijana akasema, "Haikuandikwa."

Basi Babu hakumtazama yeye. Alinitazama mimi.

Kumbe yeye siku zote anazungusha miwili, anaacha. Anakwenda kwenye kona ya madrasa ambapo kuna valvu ya hewa, anaisikiliza inavyofoka. Ikinyamaza, anarudi, anaongeza miwili mingine. Anakwenda tena. Ndiyo maana aliponiambia kazi hii ni nusu saa nilishangaa. Mshauri naye aliuliza: mizunguko kumi na nne nusu saa nzima, huyu mzee anakunywa kahawa? Na kweli kahawa anakunywa, muuza kahawa yuko pale pale konani! Kwa hiyo nikaikata ile nusu saa. Mkono huu huu unaokuandikia ndio ulioandika 10. Nilipima kuzungusha, shoga. Kusubiri sikukuona.

Nikamwambia, Babu, ungeniambia basi. Akasema: "Hukuniuliza. Na wewe ukila tonge, unawatangazia watu kwamba umetafuna?"

Tangu siku hiyo yuko chini ya mwembe.

Sasa njoo usikie kikao cha Jumatatu. Kwenye skrini ile kazi imewaka kijani, asilimia mia, hatua zote zimewekewa tiki, muda umepunguzwa. Mji hauna maji na ukuta wetu umepiga kijani kama shamba la mpunga. Bosi akasema vizuri, tuongeze hatua: subiri. Mshauri, alikuwa hewani kwa simu, akauliza dakika ngapi. Wakamtuma mtu kwa Babu. Jibu likarudi: "Mpaka inyamaze." Likaandikwa dakika 15. Bomba lililokaa tupu nusu siku na lililokaa tupu siku tatu, yote dakika 15. Na yule kijana kapewa barua ya kujieleza, kwa nini asichukuliwe hatua. Hatua gani tena, na zote alizifuata?

Usiku ule nilikukumbuka wewe, na Kongwa kwenu. Unakumbuka ile safari shemeji alipotupitisha kwa baba yake mkubwa, Mungu amrehemu, yule aliyefyeka vichaka vya karanga za Waingereza akiwa kijana? Sisi tulikuwa tunataka soda tu, yeye anatushikisha udongo. Mimi juzi ndiyo nimeshika kitabu nikasoma vizuri. Ekari zaidi ya milioni tatu za karanga walizipanga, kazi ikaanza 1947, Uingereza imetoka vitani haina mafuta ya kupikia. Matrekta ya mabaki ya vita, mengine yalikuwa vifaru vya Sherman kabisa vilivyogeuzwa. Ekari kwa trekta, trekta kwa mwezi, yote ilikaa kwenye hesabu, ikajumlishika. Kisha mibuyu ikakataa kung'oka, nyuki wakatoka ndani yake, mvua ikafanya kama inavyofanya Ugogo siku zote, na ule udongo ukikauka ukawa sakafu ya saruji na karanga zimo ndani yake. Januari 1951 wakafunga. Pauni milioni 36.

Ninachokikumbuka mimi ni swali langu la kitoto. Nilimuuliza, kwani hawakuwauliza nyie? Wagogo, ambao wazee wao walipita njaa ya Mtunya wakabaki hai, hawajui mvua yao? Akasema: "Walituuliza. Majina, na umri, watuandike kazi." Wewe ulicheka. Sasa hivi nikiiangalia fomu yangu, swali la kwanza ni jina, la pili ni umri.

Ila usidhani nasema wenye vitabu wabaya, wazee wote watakatifu. Babu naye ana yake. Valvu ya stesheni aliisahau mwaka mzima, tukaja kuigundua chini ya banda la kuku. Na wewe mwenyewe una ile partografu yako, karatasi ya kufuatilia uchungu wa mzazi, na uliniambia zamu ya usiku mkunga akichoka karatasi ndiyo inayomwamsha. Lakini ulinieleza pia, siku ile tukimenya vitunguu, kwamba mstari wa tahadhari umechorwa kwa hesabu ya njia kufunguka sentimita 1 kila saa, na 2018 Shirika la Afya Duniani likakiri kwamba hesabu hiyo si ya kila mwanamke. Miaka yote hiyo wanawake wamezaa kila mmoja kwa saa yake, na mstari uko pale pale umenyooka. Nyie mlikuwa mnafanyaje? Mlikuwa mnajaza karatasi na bado mnaweka mkono juu ya tumbo, sivyo?

Mtoto wa dada yako, yule wa kompyuta, nilipomlalamikia akanisimulia kisa cha mafundi wa Xerox, mashine za kurudufu, huko Marekani. Kampuni iliwapa vitabu vya kufuata, kosa hili fanya hivi. Miaka ya 1980 mwanaanthropolojia mmoja, Julian Orr, akafuatana nao kazini akakuta mashine hazikusoma hivyo vitabu. Zikiwashinda, mafundi walikuwa wanakwenda kula, na mezani ndipo kazi ilipokuwa: mmoja anasimulia mashine yake ilivyomfanya, wa pili anadakia yangu ilianza hivyo hivyo, mpaka ugonjwa unajulikana. Kwa mtu wa kupima muda, pale watu wanakula tu. Nikamwambia kijana, huyo Orr angekuja huku ningemkalisha kwa muuza kahawa wa kona ya madrasa.

Basi nikaandika dokezo. Kurasa moja na nusu, nimejikaza. Nikasema: vijana watatu watembee na Babu zamu ya usiku hii miezi iliyobaki, wasiandike kitu, wabebe nondo tu; na akistaafu apewe mkataba wa mwaka mmoja, aje mara tatu kwa wiki. Mhasibu akaniita. Si mtu mbaya, unamjua, ndiye aliyetukopesha nauli ule msiba wa Muheza. Akafungua daftari lake kubwa. Kuna kasma (fungu la fedha) ya semina. Kuna kasma ya mafunzo ya ndani, ila lazima iwe na ukumbi na vitafunwa. Kuna kasma ya vishikwambi vingine sita. "Hakuna kasma ya kutembea," akasema. Nikamwambia kutembea ni bure. Akasema cha bure hakina stakabadhi, na kisicho na stakabadhi kwa mkaguzi hakikufanyika. Tukatazamana. Alikuwa anasema kweli yake, na mimi nina yangu, na kati yetu hapakuwa na bomba.

Bosi hajajibu. Nasikia analifikiria hilo la mkataba, kwa sababu wa sokoni wamepiga kelele mpaka kwa diwani. Ila hata akikubali, Babu mwenyewe ndiye hataki tena. Nilimfuata kwake jana na kilo mbili za sukari. Alinipokea vizuri, mkewe akanipa uji, na tukazungumza habari za mahindi saa nzima. Nilipogusa tu, akasema: "Mwanangu, mimi nimeshahamishwa. Niko kwenye tenki la kulia." Kumbe ile picha ya semina aliiona! Na mimi nilidhani siku ile alikuwa amesinzia.

Ndiyo maana nakuandikia. Kuna mtu mmoja tu ambaye Babu hamkatalii, na ni kaka yako mkubwa. Walicheza namba tano na sita timu moja, na lile jambo la kiwanja unalijua kuliko mimi. Mwombe ampigie. Asimwambie habari ya taasisi, wala maarifa, wala taifa, hayo Babu atakata simu. Amwambie tu kuna kijana anaweza kufukuzwa kazi kwa sababu hakufundishwa kusubiri, na anayeweza kumfundisha ni yeye. Au asiseme hivyo? Kaka yako anajua lugha yao. Mimi kila neno nikilishika linatoka kama swali la 23.

Na hilo la kijana. Barua yake ya kujieleza inatakiwa Jumatano. Nimemwambia aandike ukweli, kwamba alifuata mwongozo. Lakini mwongozo hauna jina la mwandishi, umeandikwa "Taasisi". Nikiongeza barua yangu kusema zile dakika 10 ni zangu, bosi atasema najitafutia makubwa, na mshauri hatanielewa, na ile nafasi niliyokuambia mwezi wa tatu basi tena. Nisipoongeza... Mama Chausiku tunakutana kila asubuhi bombani, ananisalimia vile vile, anauliza hali ya goti la mama. Nashindwa kumtazama.

Ungekuwa wewe ungeandika? Yule mkunga mkuu wenu chuoni, mkali, aliyekuwa anawapiga vidole na penseli, alikufundisha vipi kujua mtoto amekaa vibaya: alikueleza, au alishika tu mkono wako akauweka? Alichukua muda gani kabla hujaacha kubahatisha? Na hao wanafunzi ulio nao sasa, ukiwaweka mkono, unawaambia nini, au unanyamaza? Nataka kujua kweli, si kwa barua, nataka kujua wale vijana watatu niwaambie nini usiku wa kwanza kama Mungu akijalia wakaenda. Kaka yako namba yake ni ile ile? Likizo yako lini? Utapita huku au ndiyo Dodoma moja kwa moja kwa wakwe?

Ukija leta karanga, kama hapo kwenu zinaota siku hizi.

Wako aliyekosa,
Mama Salma

Bi Mkubwa ameniona naandika, anasema nikuulize ule ukili aliokupa ulimaliza kuushona, au ndiyo umekaa kwenye mfuko.